Siku moja ya mwanaanga: shajara ya mradi wa wiki sita darasani

Wiki ya 1, Jumatatu

Leo mradi umeanza. Nina wanafunzi 34, wengi wao wa miaka kumi na kumi na moja, na nia yangu ni wamalize wiki hizi sita wakiweza kumsimulia mtu mwingine jinsi wanaanga wanavyoishi kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Mpango nilikuwa nao tayari: sayari kwanza, kisha roketi, kisha historia kuanzia Yuri Gagarin na safari yake ya dakika 108 tarehe 12 Aprili 1961, na mwisho kabisa, muda ukibaki, maisha ya ndani ya kituo. Kabla sijaanza nikapitisha boksi, kila mtoto atumbukize swali moja bila kuandika jina.

Jioni hii nimeyamwaga maswali mezani. Kumi na moja ni ya choo. Sita ni ya kulala, matano ya kuoga na kufua, manne ya chakula. Roketi imepata mawili tu, na sayari haikupata hata moja. Yaliyobaki ni ya peke yake, na mawili kati ya hayo yamenishika: "Mtu akilia huko, machozi yanaenda wapi?" na "Jua likichwa wanajuaje kama ni usiku wa kulala?"

Mpango wa zamani nimeuweka kando. Tutaifuata siku ya mwanaanga tangu anapoamka mpaka anapolala, na fizikia itaingia humohumo.

Wiki ya 1, Jumatano

Tumeanza na swali la jua. Niliandika ubaoni: kimo cha kilomita 400 hivi, mwendo unaokaribia kilomita 28,000 kwa saa, mzunguko mmoja wa dunia kila dakika 90 hivi. Watoto wakagawanya wenyewe wakapata 16. Jua linawachomozea mara 16 kwa siku na kuzama mara 16.

Binti mmoja akauliza, "Mwalimu, sasa kwao saa moja asubuhi ni ipi?"

Sikuwa nimelifikiria, na ni swali ambalo labda mtoto anayehesabu saa kwa Kiswahili ndiye hulifikia upesi. Sisi saa tunaanza kuzihesabu kunapopambazuka. Saa moja ni ya kwanza tangu kuche, saa mbili ni ya pili. Tukapiga hesabu darasa zima: ukihesabu hivyo kule kituoni, saa mbili asubuhi haifiki kamwe. Kabla saa ya pili haijatimia, jua jingine limeshachomoza na hesabu inarudi mwanzo.

Ndiyo maana wamekubaliana kutumia saa moja ya pamoja, ile inayokwenda sawa na ya Greenwich, bila kujali dirishani kuna mwanga au giza. Kwa saa hiyo, siku ya kawaida wanaamka saa kumi na mbili asubuhi na muda wa kulala ni saa tatu na nusu usiku. Tumekata saa kubwa ya karatasi ngumu na kuibandika juu ya ubao. Kila kipindi tutasogeza mshale hadi pale siku ya mwanaanga ilipofika.

Wiki ya 2, Jumatatu

Nina kosa la kusahihisha. Ijumaa, nikijibu harakaharaka mlangoni, nilimwambia mtoto kwamba wanaanga wanaelea kwa sababu huko juu hakuna mvutano. Si kweli, na nilijua si kweli. Ni jibu linaloponyoka mdomoni kwa kuwa ni fupi. Kwenye kimo cha kilomita 400, mvutano wa dunia bado unafika karibu asilimia 90 ya huu unaotushika hapa chini. Wanaelea kwa sababu wanaanguka, wao na kituo chao pamoja, bila kukoma.

Leo nimelirudia mbele ya wote. Nilichora dunia, juu yake mlima mrefu kupita kiasi, na kileleni mtu anayerusha jiwe. Wazo hili ni la Isaac Newton. Jiwe likirushwa polepole linaanguka karibu, likirushwa kwa nguvu linaanguka mbali. Kisha nikawapa namba mbili. Kitu kikiachiwa huanguka mita 5 hivi katika sekunde ya kwanza. Na kwa kuwa dunia ni duara, kila ukienda kilomita 8 ardhi inakuwa imejikunja chini kwa mita 5 hivi. Basi kitu kinachokwenda karibu kilomita 8 kwa sekunde kinaanguka kila wakati, na kila wakati ardhi imeshajikunja chini yake kwa kiasi kilekile. Hakiifikii.

Nusu ya darasa waliitikia kwa kichwa. Nusu walinyamaza, na naujua ukimya ule. Maneno peke yake hayatoshi.

Wiki ya 2, Jumatano

Chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, kifuniko kimetolewa, tundu moja ubavuni karibu na kitako, limetobolewa kwa msumari uliopashwa moto. Ukiziba tundu kwa kidole, maji yanatulia. Ukiondoa kidole, yanachirizika kwa upinde mzuri. Swali nililowapa: nikiiachia chupa nzima ianguke, mchirizi utafanyaje? Wengi walisema utazidi kasi.

Mara ya kwanza niliiachia nikiwa nimesimama juu ya meza, na haikufaa. Ilifika chini kabla jicho halijashika kitu, watoto wakabishana nani ameona nini. Tukahamia ghorofa ya kwanza, beseni pana chini, maji yametiwa rangi nyekundu, na simu imewekwa inase picha za mwendo wa polepole. Hapo ndipo kila mtu alipoona. Chupa ikiwa mkononi, mchirizi mwekundu unatoka. Mkono unaiachia, na mchirizi unakatika palepale kwenye tundu, kama umebanwa na vidole. Chupa inashuka na maji yake ndani, tundu wazi, hata tone halitoki, mpaka inapopiga beseni.

Tuliirudia video mara tisa. Mara ya saba, kijana mmoja ambaye tangu Jumatatu hakuwa amesema neno alisema taratibu, "Maji hayatoki kwa sababu chupa nayo inaanguka. Yanaanguka pamoja." Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo wanaanga ndio yale maji."

Nimeiandika sentensi hiyo juu ya ubao, chini ya ile saa. Haitafutwa mpaka mradi uishe.

Wiki ya 3, Jumatatu

Kuoga. Watoto walidhani maji yatakuwa yanaelea vyumbani kama mvua iliyosimama, na wakakaribia ukweli, isipokuwa walisahau kwamba maji yanapenda kushikamana. Hapa chini uzito wake huyashinda, yakaenda na mkondo. Kule kushikamana ndiko kunakotawala.

Mwaka 2013 mwanaanga wa Kanada, Chris Hadfield, alifanya jaribio lililopendekezwa na wanafunzi wa sekondari wa nchini kwake: alilowesha kitambaa kisha akakikamua mbele ya kamera. Maji hayakudondoka. Yalitoka kwenye kitambaa yakakizunguka kama bomba, yakatambaa hadi mikononi, yakakaa pale kama utando mzito wa ute. Nilisisitiza kwamba waliolibuni ni wanafunzi, na niliona migongo ikinyooka kwenye madawati.

Sisi tulidondosha maji juu ya sarafu, tone baada ya tone kwa kichupa cha kudondoshea dawa ya macho kilichooshwa. Kundi la dirishani lilifika matone 27 kabla kilima cha maji hakijabomoka. Macho yote usawa wa meza, pumzi zimezuiwa. Nikawaambia: nguvu hiyo inayokifanya kilima kisimame ndiyo inayolishikilia chozi. Kule chozi halitiririki shavuni. Linajikusanya jichoni, linakuwa donge la maji linalokua, na linauma. Lisipofutwa kwa kitambaa linabaki hapohapo au linatambaa kuelekea jicho la pili. Aliyeuliza swali la machozi hakujitaja, nami sikumtafuta.

Kuoga kwenyewe ni taulo lenye unyevu, sabuni kidogo, na shampuu isiyohitaji kusuuzwa. Kituo cha Skylab, kilichorushwa 1973, kilikuwa na bafu la kukunjua, lakini kuyafyonza maji yote baada ya mtu kuoga kulikuwa kazi ndefu. Kufua hakuna kabisa. Nguo inavaliwa siku kadhaa, ikichoka inawekwa pamoja na taka. Hapo darasa lilipiga kelele za wivu.

Wiki ya 3, Alhamisi

Maswali kumi na moja ya choo hayakuweza kusubiri zaidi. Niliamua kuyajibu kwa uso mkavu na kwa ukamilifu, kwa sababu ni maswali mazuri. Mtoto anayeuliza choo kinafanyaje kazi bila uzito anauliza mvutano unatufanyia nini kila siku bila sisi kuuona.

Kule hakuna chini, kwa hiyo kazi ya "chini" inafanywa na hewa. Feni inavuta. Mkojo unaingia kwenye bomba lenye mdomo kama wa faneli, haja kubwa inavutwa ndani ya mfuko, na mtu anajishikiza miguu ili asielee. Mifuko inafungwa, inakusanywa kwenye kopo, kisha inapakiwa na taka nyingine ndani ya chombo cha mizigo ambacho kazi yake imekwisha. Chombo kikirudi angahewani kinaungua chote. Darasa lilikaa kimya kwa sekunde mbili hivi wakilichora kichwani, halafu likalipuka.

Niliwaeleza pia habari ya Alan Shepard, Mmarekani wa kwanza kwenda angani, tarehe 5 Mei 1961. Safari ilipangiwa dakika 15 tu, kwa hiyo hakuna aliyemwandalia namna ya kujisaidia. Kuruka kukacheleweshwa kwa saa kadhaa naye amefungwa kitini, na mwishowe ikabidi ajisaidie ndani ya vazi lake. Nilitaka waone kwamba mahitaji ya mwili yana uzito sawa na injini.

Mkojo wenyewe hautupwi. Unasafishwa pamoja na jasho na unyevu wa pumzi, unakuwa maji ya kunywa. Mwaka 2023 NASA ilitangaza kwamba mfumo wa upande wa Marekani umefikia kurudisha asilimia 98 ya maji. Nyuso zilikunjamana. Tukatengeneza chujio la chupa lililopangwa pamba, mkaa uliosagwa, mchanga na kokoto, tukamimina maji ya matope. Yalitoka meupe, na hakuna aliyeruhusiwa kuyanywa, kwa sababu kuonekana safi na kuwa salama ni mambo mawili. Wakati tunasafisha meza, mtoto mmoja akauliza kama maji yaliyomo kwenye chupa yake yamewahi kupita kwa mtu mwingine. Nikamwambia ndiyo, au kwa ng'ombe, au kwa mti, mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Akaitazama chupa kwa muda, kisha akanywa.

Wiki ya 4, Jumanne

Siku bora mpaka sasa. Tumepanga madawati kuwa chumba chembamba, watoto sita ndani, wengine waangalizi. Kanuni ni moja: kitu chochote ukikiachia bila kukifunga au kukibana, kimeondoka. Mwangalizi anakichukua na kukipeleka kwenye kikapu mlangoni. Kazi yao ilikuwa kuandika barua fupi, kukunja nguo, na kula biskuti.

Baada ya dakika nne kikapu kilikuwa na kalamu tatu, vifuniko viwili, kiatu, na karatasi ya barua yenyewe. Baada ya dakika kumi walikuwa wamefunga kalamu kwa uzi kwenye vifundo vya mikono, wamebandika karatasi kwa selotepu, na mmoja anashikilia mfuko wazi huku mwenzake akitia kitu. Sikuwafundisha hata moja ya mbinu hizo. Kituoni wanatumia utepe wa kunata, mikanda na klipu kwa sababu hizohizo, na kitu kikipotea wanajua pa kukitafutia: kwenye nyavu za matundu yanayofyonza hewa, ambako vitu hupelekwa polepole na upepo wa feni. Kikapu chetu kiliwekwa mlangoni kwa maana hiyo.

Nje ya kituo hakuna wavu. Mwezi Novemba 2008 mkoba wa vifaa ulimponyoka mwanaanga Heidemarie Stefanyshyn-Piper akiwa kazini nje, ukaelea mbali mbele ya macho yake. Aliendelea na kazi kwa vifaa vya mwenzake. Mkoba ulizunguka dunia miezi kadhaa, ukaungua angahewani Agosti 2009. Watoto walitaka kujua kama alilia. Sijui kwa nini swali hilo limenigusa hivi, ila nilisimamisha somo tukazungumza juu yake.

Biskuti ndiyo iliyotufungulia mlango wa chakula. Makombo yalikuwa kila mahali, na waangalizi walikataa kuyahesabu. Mwaka 1965, kwenye safari ya Gemini 3, John Young alitoa mfukoni mkate wenye nyama aliouingiza kisirisiri, na makombo yakaanza kuelea, wakaurudisha haraka. Kombo linaweza kuingia jichoni, puani au ndani ya mtambo. Mwaka 1985 Rodolfo Neri Vela wa Mexico alikwenda na tortilla, ambazo hazimeguki, na tangu hapo ndizo zinazochukua nafasi ya mkate. Chumvi na pilipili manga ni za majimaji. Wengi hupenda vyakula vikali huko, maana maji ya mwili yanapanda kichwani, pua inaziba kama mtu mwenye mafua, na ladha inafifia.

Wiki ya 4, Ijumaa

Kipindi kimefutwa kwa ajili ya mtihani. Mshale wa saa umebaki saa saba mchana.

Wiki ya 5, Jumatatu

Mwili. Wiki iliyopita niliwapa kazi ya nyumbani: wapimwe urefu mara tu wanapoamka, na tena kabla ya kulala. Waliopima vizuri wameona asubuhi ni warefu zaidi, wengine kwa nusu sentimita, wengine karibu nzima. Uti wa mgongo hujinyoosha tukilala na kubanwa tukisimama. Kituoni haubanwi kabisa, kwa hiyo mwanaanga anaweza kuongezeka hadi asilimia 3 ya urefu wake, kisha hurudi alivyokuwa akishafika nyumbani.

Habari isiyofurahisha ni ya mifupa. Mfupa usiobeba kitu unadhoofika, na ile inayobeba mwili, kama nyonga, inaweza kupoteza asilimia moja hadi moja na nusu kila mwezi. Ndiyo maana kila siku wanafanya mazoezi kwa saa mbili hivi. Wanakimbia huku wamefungwa mikanda inayowavuta kwenye mashine, wanaendesha baiskeli isiyo na kiti, wananyanyua mitambo inayosukumana nao, kwani chuma chenyewe hakingekuwa na uzito. Nilipouliza kwa nini chuma kisifae, zaidi ya sauti kumi zilijibu pamoja, "Kinaanguka nao!" Sikuelekeza hata kidole kwenye ile sentensi ya ubaoni.

Wiki ya 5, Alhamisi

Mshale umefika saa tatu na nusu usiku. Mwanaanga analala kwenye kijumba cha ukubwa wa kibanda cha simu, ndani ya mfuko uliofungwa ukutani, na kwa kuwa hakuna juu wala chini, ukuta wowote ni kitanda. Karibu na kichwa lazima hewa itembee. Hapa kwetu pumzi yenye joto hupanda yenyewe na hewa mpya ikaingia. Kule joto halipandi, na bila feni hewa ya ukaa aliyoitoa ingebaki kama wingu mbele ya uso wake, akaamka na kichwa kinamuuma.

Usingizini mikono huelea mbele ya kifua. Watoto hawakuamini, nikawasimamisha mlangoni mmojammoja: sukuma fremu kwa migongo ya mikono yote miwili, nusu dakika, kisha toka na ulegee. Mikono inapanda yenyewe. Sababu ni nyingine, ni misuli inayoendelea kusukuma, na niliwaambia hivyo waziwazi, lakini hisia ya mkono kupanda bila kuamrishwa ndiyo niliyotaka wawe nayo. Mstari wa waliotaka kurudia ulifika nje ya darasa.

Wiki ya 6, Jumatatu

Tulikusanyika uwanjani na wazazi kadhaa baada ya machweo kukitazama kituo kikipita. Mawingu yalifunga anga yote. Tulisimama hadi muda ukapita.

Wiki ya 6, Alhamisi

Leo anga ilikuwa safi. Ratiba ya kupita nilikuwa nimeiangalia mara tatu. Niliwakumbusha cha kutafuta: nuru moja nyeupe, thabiti, isiyomwekamweka kama ndege. Haitoi mwanga wake yenyewe. Huku kwetu giza limeingia, lakini juu kule jua bado linakimulika.

Kikachomoza mahali palepale tulipotarajia. Kelele zilikuwa nyingi, kisha zikafa zenyewe, maana kilipanda kimya, kikang'aa kuliko nyota zote zilizokuwa zimetokea. Kila mara nilipomwambia mtu mzima kwamba mle ndani kuna watu, na kwamba watu hawajakosekana mle tangu tarehe 2 Novemba 2000, watoto walinidakia na kumalizia wao: wanafanya mazoezi, wanatafuta kalamu kwenye wavu wa feni.

Kilipokaribia utosi wa anga na kuupita kidogo, kikafifia, kikawa chekundu hafifu, kikazimika. Angani hakukuwa na wingu. Mama mmoja aliuliza kimekwenda wapi.

"Kipo palepale," alisema binti aliyeuliza siku ile saa moja asubuhi ni ipi. "Jua limekuchwa kwao." Kisha akanigeukia. "Swali la jua kwenye boksi lilikuwa langu, Mwalimu."

Tulikunja mikeka, tukahesabu watoto, tukawakabidhi wazazi mmojammoja. Ilichukua nusu saa na zaidi. Yeye alikuwa kati ya wa mwisho, amesimama karibu na lango na baba yake, macho kwenye saa ya mkononi.

"Kwao kumekucha," akasema.